Milima Mifupi, Siku Fupi: Matembezi ya Vuli katika Lake District

Lake District ni eneo la milima na maziwa huko Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 2017 likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vuli, msimu wa majani kugeuka rangi na kupukutika, ndiyo inayolipendezesha kuliko majira mengine. Kangaga zinazofunika miteremko huanza kuwa na rangi ya kutu mwishoni mwa Septemba. Mialoni ya bonde la Borrowdale hufuata kwa manjano na kahawia katikati ya Oktoba. Lachi, mti wa jamii ya msonobari ambao hupukutisha sindano zake kila mwaka, huja mwisho, ukawa wa dhahabu hadi ndani ya Novemba.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi au kusoma Uingereza huuliza mambo yale yale kuhusu safari hii: waende lini, waanzie njia ipi, wavae nini, na kama kuna hatari. Hatari ipo, ila haitokani na urefu wa milima. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, una mita 978 tu, na Nairobi imekaa juu zaidi ya kilele hicho kwa mamia ya mita. Kinachowaponza watu huku ni saa: siku hufupika upesi kuliko mgeni anavyotarajia, na baridi ya mvua humkuta bado yuko juu.

Wiki ya kuchagua

Wiki mbili za katikati ya Oktoba zinafaa watu wengi. Rangi zimekolea, siku bado ina urefu wa kuridhisha, mabasi na boti bado zina safari nyingi, na usubi wa kiangazi wanaouma jioni wamekwisha. Wiki ya mwisho wa Oktoba kwa kawaida huangukia likizo fupi ya shule. Nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Novemba ina utulivu na bei nafuu, lakini inamtaka mtu anayeamka mapema.

Hakuna anayeweza kuahidi rangi kwa tarehe maalumu. Dhoruba moja ya upepo inaweza kuyaangusha majani ya bonde zima kwa usiku mmoja. Anayekuta hivyo asihesabu safari imeharibika: kangaga haziangushwi na upepo, na lachi huenda hazijafikia kilele chake.

Jua linazama saa ngapi

Afrika Mashariki jua huzama karibu na saa 12 au saa 1 jioni mwaka mzima, na mtu haoni haja ya kuangalia. Cumbria, iliyo karibu nyuzi 54 na nusu kaskazini mwa ikweta, mambo ni tofauti. Kwa Keswick, mji wa kaskazini mwa hifadhi, makadirio ni haya:

- Oktoba 1: karibu saa 12:50 jioni.
- Oktoba 25: karibu saa 11:50 jioni, kwa saa za kiangazi.
- Mara tu saa zinaporudishwa nyuma: kabla ya saa 11 jioni.
- Novemba 15: karibu saa 10:10 jioni.
- Mwisho wa Novemba: kabla ya saa 10.

Saa zilizotajwa katika makala hii zinahesabiwa kwa Kiswahili. Kwenye ratiba za mabasi na boti, saa 10 jioni huandikwa 16:00, na wako waliokosa boti ya mwisho kwa sababu walipanga safari kichwani kwa hesabu moja na kusoma ratiba kwa hesabu nyingine.

Mtego mkubwa umo katika mstari wa tatu wa orodha hiyo. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 8 usiku ikawa saa 7. Mtu aliyetembea Jumamosi akashuka saa 11 na nusu jioni bado kukiwa na mwanga, akirudia njia ile ile kwa saa zile zile Jumapili atashuka gizani. Tena jua la kwenye orodha hiyo ni la mahali tambarare. Ndani ya bonde lenye kuta ndefu, kama Wasdale au Langdale, jua hujificha nyuma ya mlima mapema zaidi, na njia inayopita msituni huwa na giza wakati mbingu bado nyeupe.

Kukadiria muda wa njia

Kanuni inayotumika zaidi ilitolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Scotland, William Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye miguu mizoefu, asiyesimama kupiga picha. Vuli huongeza majani yaliyolowa, matope na mawe yanayoteleza, kwa hiyo ni busara kuongeza theluthi.

Mfano: njia ya kilomita 12 yenye kupanda mita 600.

1. Kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni saa 2 na dakika 24.
2. Kupanda mita 600 ni saa 1. Jumla saa 3 na dakika 24.
3. Kuongeza theluthi huifanya karibu saa 4 na nusu.
4. Chakula na picha: nusu saa. Jumla saa 5.
5. Ikiwa jua linazama saa 10:40 jioni na mtembeaji anataka kuwa chini saa nzima kabla, lazima aanze kupanda saa 4:40 asubuhi, bila kuchelewa.

Hesabu hiyo haina nafasi ya kuchelewa basi wala kutafuta maegesho. Ndiyo maana wazoefu wa vuli huanza kupanda saa 3 asubuhi, wakati wageni wengine bado wananunua kahawa mjini.

Kabla ya kuondoka iwekwe pia saa ya kugeuka. Ikifika, kundi linageuka, hata kilele kikiwa kinaonekana. Saa hiyo itajwe kwa sauti mbele ya wote wakiwa chini, kwa kuwa huko juu kila mtu hugeuka mwanasheria wa kutetea dakika kumi zaidi.

"Lakini mimi nimepanda Kilimanjaro"

Pingamizi hili lina haki ya kujibiwa, kwa kuwa anayelitoa kweli amefanya jambo kubwa. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Jina lake limeandikwa getini, mizigo imebebwa na wapagazi, chakula kinapikwa na mtu mwingine, na kuna anayejua njia hata ukungu ukishuka. Lake District haina geti. Hakuna kiingilio wala anayeandika jina, na mtu asiporudi hakuna atakayejua hadi mwenye nyumba ya wageni ashangae kitanda hakijalaliwa.

La pili ni mvua. Seathwaite, kijiji cha Borrowdale, hupata wastani wa karibu milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, kama mara tatu ya Dar es Salaam, na hutajwa kuwa mahali penye watu panaponyesha kuliko pote England. Mvua hiyo mara nyingi haiji kwa kishindo ikapita. Huja kama manyunyu ya kutwa nzima, yakisukumwa na upepo. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo Keswick yenye nyuzi 9 huwa na kilele chenye nyuzi 4 hivi. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukiongezwa hapo, ngozi huhisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Mtu aliyelowa katika hali hiyo anaweza kushukwa na joto la mwili kwa kiwango cha hatari hata kama hakuna hata chembe ya theluji.

Nguo

Kosa la kwanza ni suruali ya jinzi, na la pili ni fulana ya pamba. Pamba hunywa maji, haikauki, na huunyonya mwili joto. Vazi linalofaa lina matabaka:

- Fulana ya ndani ya sufu laini au kitambaa cha michezo kinachokauka upesi.
- Sweta la sufu au la manyoya bandia.
- Koti la mvua lenye kofia, na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nyingine. Mwavuli hauna kazi mlimani. Upepo huupindua dakika ya kwanza.
- Kofia ya sufu na glavu, jozi mbili za glavu ikiwezekana.
- Buti zenye soli ya meno makali. Raba za mjini zenye soli laini hazifai juu ya majani yaliyolowa.

Wanawake wanaovaa nguo ndefu hawana haja ya kuziacha, ila pindo likilowa huwa zito na hunasa miguuni wakati wa kushuka. Vazi la urefu wa magotini juu ya suruali pana isiyo ya pamba hutatua tatizo hilo. Mtandio mwepesi wa kitambaa cha michezo, uliochomekwa ndani ya koti, hukinga shingo vizuri kuliko skafu nyingi zinazouzwa kwa ajili hiyo.

Gharama ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Koti na suruali ya mvua vinapatikana vya mitumba katika maduka ya hisani yaliyopo karibu kila mji wa Uingereza, na sweta la kawaida la sufu linatosha. Pesa kidogo zilizopo ziwekwe kwenye buti, kisha kwenye koti. Buti mpya zisivaliwe mara ya kwanza siku ya safari. Zizungushwe mtaani kwa wiki mbili kwanza.

Ndani ya begi

- Tochi ya kichwani kwa kila mtu, na betri za akiba. Tochi ya simu haihesabiki, kwa kuwa simu hiyo ndiyo itakayotumika kuomba msaada.
- Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000 na dira. Karatasi za OL4 hadi OL7 zinafunika hifadhi karibu yote.
- Filimbi.
- Mfuko wa dharura wa plastiki wa kujifunikia, mwepesi na wa bei ndogo.
- Chupa ya chai ya moto na chakula kingi kuliko kinachohitajika. Chapati zilizokunjwa, maandazi na tende hustahimili baridi kuliko mkate wenye mboga, na chai ya tangawizi inajitetea yenyewe. Chakula cha halali ni haba katika vijiji vya milimani, hivyo kinunuliwe kabla ya kufika.
- Vazi kavu la akiba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.
- Plasta za malengelenge.

"Ya nini ramani ya karatasi wakati simu ina ramani?" Simu ina kazi, na wengi hutembea nayo vizuri. Lakini baridi humaliza betri, kioo kilicholowa hakisikii kidole, na katika mabonde mengi hakuna mtandao. Ramani ya simu ishushwe kabla ya kuondoka, na ya karatasi ibebwe pamoja nayo. Anayejua kuoanisha ramani na mlima ulio mbele yake asubuhi kukiwa kweupe atakuwa na mahali pa kuanzia ukungu ukishuka; anayeifungua kwa mara ya kwanza ndani ya ukungu hatapata kitu.

Kwa Waislamu, Novemba adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya muda wa saa nne na kitu, na zote zinaweza kuingia mtu akiwa njiani. Kipande cha turubai jepesi chini ya mswala huokoa magoti na unyevu, na nyakati zinafaa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kutoka, pamoja na saa za mabasi.

Njia za kuanzia

*Tarn Hows.* Kijiziwa hiki karibu na Coniston kina njia ya kukizunguka ya kilomita 3 hivi, iliyotengenezwa vizuri, hata kigari cha mtoto kinapita. Mandhari yake yanayoonekana ya asili yalipangwa na binadamu: vijiziwa vidogo viliunganishwa kwa bwawa katika karne ya 19 na miti ikapandwa kuzunguka. Mwandishi Beatrix Potter alinunua mali iliyozunguka hapa mwaka 1930, na nusu yake, pamoja na kijiziwa, ikaenda kwa shirika la National Trust. Lachi zake ndizo zinazoleta watu Novemba. Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, hapa ndipo pa kuanzia.

*Kuzunguka Buttermere.* Kilomita 7 hivi, saa mbili na nusu kwa mwendo wa polepole, karibu yote tambarare. Upande mmoja njia hupita katika handaki fupi lililochongwa kwenye mwamba, ambalo watoto hulikumbuka kuliko mlima wowote. Tahadhari ni moja: kwenye kichwa cha ziwa, karibu na shamba la Gatesgarth, njia huingia barabarani kwa kipande kisicho na pembezoni mwa kutembelea. Watu waende mstari mmoja, watoto wakiwa katikati. Asubuhi isiyo na upepo ziwa hurudisha sura ya milima vizuri kabisa. Baada ya saa sita upepo kwa kawaida huwa umeshalivuruga.

*Ullswater, kutoka Howtown hadi Glenridding.* Ikibidi kuchagua njia moja tu ya vuli katika hifadhi yote, iwe hii. Boti za Ullswater humchukua mtembeaji kutoka Glenridding hadi Howtown, naye hurudi kwa miguu akiufuata ukingo wa ziwa, kilomita 11 hivi, kwa saa nne. Njia hupanda na kushuka kati ya miti na mawe, ziwa likiwa kulia kwake muda wote. Oktoba madume ya kulungu wekundu wa bonde la jirani la Martindale huwa katika msimu wa kugombania majike, na asubuhi tulivu ngurumo zao husikika ng'ambo ya vilima.

Mpangilio ndio siri ya njia hii. Boti itangulie, miguu ifuate. Wanaotembea kwanza wakitegemea boti iwarudishe huikimbilia boti ya mwisho, na ratiba ya majira ya baridi ina safari chache kuliko ya kiangazi. Wakiikosa, Howtown hakuna mji wa kujisitiri. Anayetanguliza boti hawezi kuachwa, kwa sababu gari au basi lake liko mwisho wa njia.

*Catbells.* Mlima wa mita 451 juu ya ziwa Derwentwater, na pengine ndio unaopandwa zaidi na wanaoanza. Saa tatu zinatosha kupanda na kurudi. Sifa yake ya kuwa mlima wa familia inadanganya kidogo: karibu na kilele kuna miamba inayotaka mikono, na vizazi vya buti vimeing'arisha hadi inateleza kama sabuni ikinyeshewa. Siku ya mvua au upepo mkali njia ya kutembea kandokando ya ziwa chini yake inapendeza vilevile. Maegesho ni machache mno. Ni heri kupanda boti kutoka Keswick na kushukia Hawse End, baada ya kuhakikisha saa ya boti ya mwisho ya kurudi.

*Loughrigg Fell.* Kilima cha mita 335 tu, kati ya Ambleside na Grasmere, nacho huonyesha maziwa kadhaa kwa mkupuo mmoja. Mgongo wake una vijia vingi vinavyokatana, na ukungu ukishuka watu hupotea juu ya kilima hiki kidogo kwa urahisi kuliko wanavyotarajia.

Njia za kuacha kwanza

Striding Edge, ukingo mwembamba wa kupandia mlima Helvellyn, na Sharp Edge ya mlima Blencathra huonekana sana katika picha. Zote mbili ni mahali pa mikono na miguu penye genge pande zote mbili, na zimeua watu. Mwamba uliolowa wa vuli haumfai anayeanza.

Scafell Pike ina hatari ya aina nyingine. Njia ya kutoka Wasdale Head haina ugumu wa kupindukia, lakini kilele ni uwanda wa mawe usio na njia dhahiri, na mawingu hukaa juu yake siku nyingi. Kosa linalojirudia ni kushukia bonde lisilo sahihi. Mtu aliyeacha gari Borrowdale hujikuta Wasdale jioni, na kurudi kwa barabara ni mwendo mrefu sana wa kuzunguka milima. Mlima huu usubiri hadi mtembeaji awe amezoea kutumia dira.

Kufika na kuzunguka

Treni kutoka London Euston hufika Oxenholme kwa chini ya saa tatu. Hapo mtu hubadilisha treni kwenda Windermere, dakika 20 hivi. Anayelenga Keswick au Ullswater hushuka Penrith na kuchukua basi. Basi namba 555 huunganisha Windermere, Ambleside, Grasmere na Keswick, na hupita mwanzo wa njia nyingi nzuri. Njia kadhaa za mabasi ya mabondeni hupunguzwa au kusimama kabisa kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana au ya Agosti isiaminiwe.

Wenye magari wakumbuke mambo mawili. Jumamosi yenye jua maegesho maarufu hujaa kufikia saa 3 au 4 asubuhi, na kuegesha kwenye nyasi kando ya barabara nyembamba huzuia gari la wagonjwa. Pili, kifaa cha kuelekeza njia kikiulizwa Wasdale kutoka Ambleside kinaweza kumpeleka mtu kwenye vipito vya Wrynose na Hardknott, ambavyo vina mwinuko unaofikia mita moja kwa kila mita tatu na kona za kurudi nyuma. Ikiwa barabara ina majani yaliyolowa na nje ni giza, ni bora kuzunguka mbali.

Siku ya mvua

Utabiri wa mji hautoshi. Lake District Weatherline na Mountain Weather Information Service hutoa utabiri wa milimani: upepo wa vileleni, urefu wa mawingu, na joto la juu. Usomwe jioni iliyotangulia na tena asubuhi. Upepo unaozidi kilomita 60 kwa saa vileleni ni sababu ya kubaki bondeni bila mjadala.

Kubaki bondeni si adhabu. Maporomoko ya Aira Force kando ya Ullswater, yenye anguko la mita 20 hivi, hupendeza zaidi baada ya mvua kubwa. Njia ya zamani ya kubebea majeneza kati ya Grasmere na Rydal hukaa juu ya mafuriko na chini ya mawingu. Misitu ya Borrowdale, yenye kuvu na kangaga zinazoota hadi juu ya matawi ya mialoni, huonekana vizuri mno ikiwa imelowa. Kinachopaswa kuachwa ni kuvuka vijito vilivyofurika. Kijito cha kurukwa asubuhi huenda kikawa mto jioni, na njia ya kurudi ikawa imefungwa.

Makosa mengine yanayojirudia

- Kundi kuvunjika. Wenye mbio hutangulia, wa polepole hubaki nyuma peke yao, na kila upande hudhani mwingine una ramani. Mwendo uwe wa aliye nyuma kuliko wote.
- Kuvaa sweta zote tangu chini. Jasho la kupanda hulowesha nguo za ndani, na baridi huanza mtu akisimama. Aanze akihisi ubaridi kidogo.
- Kuacha mageti wazi. Kondoo wa Herdwick walio milimani ni mali ya wafugaji. Geti liachwe kama lilivyokutwa.
- Kuogelea kwa sababu jua limetoka. Maji ya Oktoba hukata pumzi na kulegeza misuli kwa dakika chache.
- Kutomwambia mtu yeyote njia na saa ya kurudi.

Mambo yakiharibika

Dalili za mwanzo za kushuka kwa joto la mwili ni kutetemeka, kujikwaa, maneno kukorogeka na ubishi usio wa kawaida. Mwenyewe hazioni, wenzake ndio wa kuangalia. Akingwe upepo, avishwe nguo kavu, aingizwe ndani ya mfuko wa dharura, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa yuko macho na anameza vizuri. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asipewe pombe. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hali imezidi kuwa mbaya.

Msaada huombwa hivi:

1. Kupiga 999 au 112, kuomba polisi, kisha kuomba uokoaji wa milimani. Anayeomba gari la wagonjwa tu huweza kuchelewesha timu inayofaa.
2. Kutaja mahali kwa namba za gridi ya ramani, idadi ya watu, majeraha, nguo na tochi walizonazo.
3. Kubaki hapo hapo na kuacha simu bila kuitumia kwa mambo mengine.
4. Pasipo na mtandao: filimbi au mwanga mara sita, kimya dakika moja, kurudia. Jibu ni mara tatu.

Ujumbe mfupi kwenda 999 huweza kupita mahali sauti inapokataa, lakini namba lazima iwe imesajiliwa mapema, kwa kutuma neno "register" kwenda 999 na kufuata maelekezo. Ifanyike nyumbani.

Wengine husita kupiga simu wakihofia gharama au kuulizwa hati za uhamiaji. Timu za uokoaji ni za watu wa kujitolea, hazitozi chochote, na kazi yao ni kumshusha mtu mlimani. Ni afadhali kuwaita saa 9 alasiri mwanga ungalipo kuliko saa 2 usiku.

Baada ya kushuka

Yule aliyeachiwa ratiba ajulishwe mara moja kwamba wote wamefika. Timu zimewahi kutoka usiku kutafuta watu waliokuwa tayari mezani wakila. Nguo zikivuliwa, mwili ukaguliwe kupe, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani, kwa kuwa kangaga ndiyo makao yao na vuli bado wapo. Kupe hung'olewa kwa kibanio chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Wekundu unaotanuka kuzunguka mahali alipouma kupe katika wiki zinazofuata uonyeshwe daktari. Buti zijazwe karatasi za magazeti na kuwekwa mbali na moto, kwa kuwa joto kali hupasua ngozi na kubandua soli, na karatasi zibadilishwe kabla ya kulala ikiwa kesho kuna njia nyingine.